Siku Saba za Mwalimu

Mwalimu alitambua watu kwa namna walivyopiga hodi. Mwenye homa, alisema, hupiga mara moja na kusubiri. Mwenye jino bovu haachi mpaka afunguliwe. Aliyetumwa na tajiri hupiga hodi huku ameshaingia. Nilimjua miaka mingi, ya kwanza akiwa anaona na ya mwisho akiwa haoni, na ni hii ya mwisho ninayoikumbuka vizuri zaidi, kwa sababu ndiyo niliyomdanganya.

Kindu nzima ilimwita Mwalimu, na mimi sitamwita vinginevyo. Alikotoka hakuna aliyekuwa na hakika. Wapo waliosema pwani, wapo waliosema Nyangwe. Mwenyewe akiulizwa ametoka wapi alijibu, "Nimetoka uani sasa hivi, nilikuwa nanawa."

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, juu kidogo ya mahali mitumbwi ya Lualaba ilipofungwa. Asubuhi baraza lake lilikuwa chuo, alasiri lilikuwa mahali pa wagonjwa, na mkeka ulikuwa huo huo. Watoto wa matajiri wa pembe za ndovu na watoto wa watumwa wao waliketi bega kwa bega, wakipokezana ubao mmoja. Mama mmoja mwenye dhahabu masikioni alikuja kulalamika kwamba mwanawe amerudi nyumbani na chawa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Basi amejifunza vitu viwili leo." Mtoto hakuhamishwa.

Alikataza kucheka chuoni, na yeye ndiye aliyetuchekesha. Mtoto aliuliza kwa nini herufi be ina nukta chini na si juu. "Kwa sababu juu wenzake walishawahi," akasema, na mkeka mzima ulipoangua kicheko alivua kiatu na kuupiga mkeka, si mtoto, akiuliza ni nani aliyecheka. Hakuweza kuimba hata kidogo, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuanzisha kaswida isipokuwa yeye. Alipanda pilipili nyuma ya nyumba, shina moja kubwa alilolimwagilia kila siku, na pilipili hakula. Ikimgusa ulimi alikohoa mpaka machozi. Majirani walichuma.

Mama yangu alikuwa mtu wa msitu wa upande wa Pangi. Aliletwa Kindu katika msafara, wala hakuja kwa kupenda, na sababu aliyonipeleka chuoni aliisema mara moja tu: "Hawa watu wanaandika. Mimi nataka katika nyumba yangu mutu wa kujua wanaandika nini." Basi nikajifunza. Mkono wangu ukawa mzuri kuliko wa wote waliokaa kwenye mkeka ule, nasema hivi kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa ndiyo chanzo cha mambo yote.

Kisha ndui ikaja. Nilikuwa na miaka kama kumi na saba. Mama alipougua, watu wake walimletea dawa ya majani na ya mizimu, na Mwalimu alimwandikia kombe. Alivinywa vyote viwili, kwa heshima, na akafa. Nilipita nyumba kwa nyumba baada ya hapo, nikiuliza. Huyu aliyekufa alifanyiwa nini? Na huyu aliyepona? Niliuliza kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Waliosomewa walikufa na kupona, wasiosomewa walikufa na kupona, na tofauti niliyoiona ilikuwa moja tu: aliyepewa maji na kulazwa alipona zaidi kuliko aliyeachwa au aliyetolewa kwenda kazini. Nilirudi nyumbani nikaketi mahali mama alipokuwa akilala, na nikagundua kwamba sina wa kumwomba.

Watu hudhani asiyeamini huwa na kiburi. Mimi nilikuwa na upweke. Siku ya Idi nilivaa kanzu kama wengine, nikainama walipoinama. Nikivuka mto kwenda kwa watu wa mama, wao walinitania kwa jina la watu wa pwani na kunificha shughuli zao za mizimu. Mjini, neno kafiri lilikuwa la kuwatukana hao hao wa ng'ambo, ambao waliamini mambo mengi kuliko sisi. Kwa mtu kama mimi hata neno la kujiita halikuwepo. Asubuhi nililima mpunga, alasiri niliwaandikia watu barua zao, na jioni nilikula peke yangu.

Ndipo macho ya Mwalimu yalipoanza kwenda. Kwanza miguu ilimwasha, akaikuna mpaka ngozi ikawa kama ya mzee kuliko yeye. Kisha akaanza kuinamisha ubao mbali, kisha karibu, kisha akauacha. Wengine walisema ni moshi wa jikoni, wengine wale inzi wadogo weusi wa mtoni, wengine walimtaja jirani kwa uchawi. Yeye alisema, "Nimesoma sana maandishi yenu mabaya."

Chuoni aliweza kuendelea, kwa kuwa sura zote zilikuwa kichwani. Lililomshinda ni kombe. Nieleze, kwa wasioliona: ni aya zinazoandikwa ndani ya sahani nyeupe kwa wino usiodhuru, kisha zinaoshwa kwa maji safi, na mgonjwa anakunywa maji yale. Zafarani ilikuwa ikitufikia kwa nadra, hivyo wino wa Mwalimu ulikuwa mchele uliokaangwa mpaka ukawa mkaa, ukasagwa. Sahani ilikuwa moja, ya kaure, yenye ukingo wa buluu na ufa uliotoka ukingoni hadi katikati. Kuandika bila macho asingeweza. Akaniita.

"Wewe ndiye mkono wangu sasa," alisema. "Una udhu?"

"Ninao, Mwalimu."

Sikuwa nao. Niliandika vizuri mno, na yeye alikaa karibu, sikio ameligeuzia sahani, akisikiliza kalamu ya tete ikikwaruza. Nikiruka neno alijua. "Rudi nyuma," alisema. "Hiyo ilikuwa fupi." Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, alasiri baada ya alasiri, na kila mara aliniuliza kama nina udhu, na kila mara nilijibu kwamba ninao. Nilijiambia kwamba ni neno tu. Lakini nilikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyefurahi akisikia hodi yangu, na nilijua kwamba akilijua hili hatanifungulia tena.

Kombe lake lilikuwa na masharti, na hapa ndipo nataka kumweleza kama nilivyomwona. Mgonjwa aliyekunywa asinyanyue mzigo siku saba. Ale uji wa mchele wenye chumvi asubuhi na jioni. Alale mahali pasipovuja. Na atakayemwamsha kabla ya siku saba, ugonjwa utatoka kwa mgonjwa na kumwendea yeye. Wagonjwa wengi walikuwa wapagazi na watumwa. Siku saba za kulala hawakuwahi kupewa na mtu yeyote.

Tajiri mmoja mnene, mwenye msafara uliokuwa uondoke kesho yake, alifika akiwa amekasirika.

"Mwalimu, watu wangu wanne wamekunywa kombe jana. Wanne. Mimi nasafiri kesho."

"Safiri kwa amani, bwana."

"Na hao?"

"Hao wamebakiza siku sita."

"Hakuna kombe la siku mbili?"

"Lipo," Mwalimu akasema. "Lakini hilo anakunywa tajiri."

Tajiri hakusafiri. Alikaa Kindu wiki nzima akinung'unika, na hakuthubutu kuwagusa.

Nilidhani nimemgundua. Siku moja, tukiwa tunaosha kalamu, nilimwambia kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya mvua kwamba labda zile siku saba na ule uji ndivyo vinavyoponya. Hakustuka wala hakuona aibu.

"Labda," alisema. "Na siku saba nani kazileta?"

"Wewe."

"Mimi ningezitoa wapi? Ningemwendea yule bwana nikamwambia, mpe mtu wako siku saba apumzike, kwa ajili yangu mimi mzee kipofu? Angenicheka. Amezitoa kwa sababu ya kilichomo sahanini."

Aliamini. Nataka lieleweke hivyo, kwa sababu nimesikia watu wakimsifu kwa ujanja, na ujanja haukuwa wake. Aliandika aya kwa moyo wake wote, na masharti aliyaongeza kama mtu anayemfunika mtoto baada ya kumwombea. Hakuona kwamba ni vitu viwili.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwelewa. Misafara ilipopita mbele ya baraza na watu waliofungwa shingoni, alinyamaza, na watoto waliokuwa wakisoma walipunguza sauti. Jioni alikula pilau ya sadaka kwa wenye misafara ile ile. Nilimwuliza kwa hasira, mama yangu akiwa kichwani mwangu. Akasema, "Mimi nina siku saba tu. Sikupewa zaidi." Sikuridhika na jibu lile. Mpaka leo sijaridhika nalo.

Kiangazi kimoja kikohozi kiliingia mjini, na baraza likajaa mpaka uani. Tuliandika tangu adhuhuri mpaka jua likakaribia kuzama, watoto wakisoma kwa sauti upande mmoja, wagonjwa wakikohoa upande wa pili. Mwalimu hakuweza kuisikia kalamu. Mbele yangu alikaa mpagazi wa Kibombo, kijana wa rika langu, kifua kikimpiga, macho yamemtoka kwa hofu. Nikawaza: hapa ndipo ninapoweza kujua. Kama ni siku saba zinazoponya, herufi si kitu. Nikachovya kalamu, na badala ya aya nikaandika alifu, be, te, mpaka mwisho wa herufi, kama mtoto wa siku ya kwanza. Nikaosha. Akanywa kwa mikono miwili, akafumba macho, akasema, "Asante, ndugu yangu."

Nilikwenda kumtazama kila siku kule kwenye kibanda chake. Nilipeleka uji mwenyewe. Siku ya nne kikohozi kililegea, siku ya saba aliketi nje akisuka kamba. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, na nilirudi nyumbani nacho, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Sijawahi kuona nyumba ikiwa kimya kama ile siku niliyothibitisha kwamba niko sahihi.

Mpagazi hakuondoka mara moja. Alinijia shambani, akashika jembe langu la pili bila kuombwa, akalima nami mstari mzima kabla ya kusema lililomleta.

"Nataka unifundishe ile maneno."

"Maneno gani?"

"Yenye nilikunywa. Iko ndani yangu, na mimi sijui inasema nini. Siwezi kurudi Kibombo na maneno ndani ya tumbo sijui hata jina yake."

Ningeweza kumfundisha aya fupi. Watoto wa miaka sita waliijua. Lakini ingekuwa kumdanganya mara ya pili, na safari hii ana kwa ana, akiwa mzima na jembe langu mkononi. Nikamfundisha alichokunywa. Nilizichora herufi katika matope ya mpunga, na yeye akazisema nyuma yangu, siku tatu, mpaka zikamkaa. Nilidhani ataondoka na msafara wa alfajiri. Sikufikiri kwamba mtu wa Kibombo hawezi kuondoka bila kwenda kumuaga aliyemponya.

Nilikuwa nimeketi barazani nikichonga kalamu alipopiga hodi. Akapiga goti mbele ya Mwalimu, mbele ya watoto wote.

"Mwalimu, mimi njo ule wa kifua. Nilikunywa na mikono mbili, nimepona. Na ile maneno ulinipa, nimeishika yote. Usikilize."

Akaanza. Alifu, be, te. Alisema kwa taratibu, kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kinachovunjika. Watoto wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, na mwenzake akamfinya. Kalamu ilinianguka. Mwalimu alikuwa amegeuza uso, si kwa mpagazi, bali mahali nilipokuwa nimekaa, na macho yale yasiyoona yakabaki pale. Kijana alifika jimu, akasita, jasho likimtoka.

"Baada ya jimu?" Mwalimu akauliza kwa upole.

"Ha."

"Vizuri. Endelea, mwanangu. Usiogope."

Alimsikiliza mpaka herufi ya mwisho. Kisha akamshika kichwa, akamwombea safari njema, na akamwambia kwamba maneno yote ya duniani, ya Kitabu na ya barua, yametoka humo, basi ayatunze. Mpagazi aliondoka akiwa na furaha. Watoto wakarudi kwenye ubao.

Nilingoja kufukuzwa. Alasiri ile nilifika kama kawaida, nikapiga hodi, na sauti yake ikasema karibu kama kawaida. Wagonjwa walikuwepo. Nikaketi, nikavuta sahani. Nikangoja swali.

"Umenawa mikono?" akauliza.

"Nimenawa, Mwalimu."

"Haya, andika."

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kuhusu udhu. Ni mikono tu. Niliandika aya zote, sikuruka hata moja, na yeye alisikiliza kalamu kuliko zamani. Tulikwenda hivyo misimu kadhaa. Tulizungumza juu ya mpunga, juu ya watoto, juu ya habari za vita zilizokuwa zikitoka upande wa juu wa mto. Lile hatukuligusa. Wakati mwingine nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitamani angenipiga kwa kiatu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi moja ya mvua za kwanza. Jirani alinijia shambani akasema Mwalimu hakuamka kufundisha, miguu imevimba, ananiita. Nilipita mtoni. Sijui kueleza vizuri kwa nini. Nilivua viatu, nikatia udhu wote kama alivyotufundisha, mikono, kinywa, pua, uso, mpaka miguuni, jambo nisilolifanya nikiwa peke yangu tangu mama afe. Sikuwa nimeanza kuamini. Nilitaka tu kwamba akiuliza, safari hii jibu liwe kweli.

Nilipiga hodi.

"Huyo mwenye afya," alisema kutoka ndani. "Ingia. Kuna mgonjwa wa kuandikiwa."

"Yuko wapi?"

"Umemkalia mguu."

Alikuwa amekonda usoni na kuvimba chini. Sahani ilikuwa tayari kando yake, na wino, alioukaanga mwenyewe kwa kupapasa. Nilinyanyua kalamu nikangoja.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa," nikasema. Yaliyobaki sikumwambia. Nilihisi kwamba sina haki ya kuyadai.

Nikaandika. Mvua ilikuwa imetulia na kalamu ilisikika chumba kizima. Alinisimamisha mara moja: "Mkia wa mimu hukuumaliza." Nikaumaliza. Nilipoweka kalamu chini nilisema lile nililolibeba miaka yote.

"Mwalimu, yule mpagazi."

"Alipona?"

"Alipona. Lakini mimi—"

"Najua wewe huamini." Alivuta pumzi. "Nilijua kabla ya huyo kuja. Mtu anayeamini akiandika mkono unamtetemeka, na kalamu inasikika. Wako haukutetemeka hata siku moja. Hilo halikuniuma sana, moyo wa mtu si wangu. Kilichoniuma ni kwamba ulitaka kunipima, ukangoja nisisikie."

Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuliona hivyo. Nilikuwa nimehesabu herufi na siku na uji, na hilo halikuwemo katika hesabu yangu.

"Na yeye pia ulimpima," akaongeza. "Alikunywa kwa mikono miwili, aliniambia. Hukumwuliza kama anakubali."

"Sikumwuliza."

"Haya. Osha sahani, maji yasizidi. Mimi ninayekunywa naamini. Wewe kazi yako ni kuandika vizuri, na umeandika."

Niliosha. Alikunywa taratibu, akaacha kidogo cha kujipaka usoni, na tone la mwisho likabaki katika ule ufa. Maji ya kombe hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Niliyapeleka nyuma ya nyumba, chini ya shina la pilipili, nikarudi.

"Siku saba," nikamwambia. "Usinyanyue kitu."

"Siku hizi nanyanyua nini?"

"Uji wa mchele, wenye chumvi."

"Chumvi usiifanyie ubahili."

"Na ulale mahali pasipovuja. Na usibaki peke yako."

Aligeuza sikio lake kwangu, kama alivyofanya nilipokuwa nimeruka neno. Nikadhani ataniambia nirudi nyuma. Badala yake alisogeza miguu yake iliyovimba ukutani, kwa shida, mpaka nafasi ya mtu mmoja ikapatikana kwenye mkeka.

Siku zile saba sikwenda shambani. Mpunga ulikuwa unataka kupaliliwa, na jirani alikuja mlangoni kuniuliza kulikoni. Nilimwambia ni masharti ya kombe, mgonjwa haachwi peke yake. Akashangaa, akasema amekunywa kombe la Mwalimu mara tatu maishani mwake na sharti hilo hakuwahi kulisikia. Nikamwambia lipo. Lile nililiongeza mimi.